Shajara ya bwawa la Bwiru: kutoka klorini ya unga hadi chumvi

Januari

Kazi imeanza. Shangazi amekubali bwawa lake lihamie kwenye mfumo wa chumvi, na amenikabidhi nilisimamie mpaka litulie. Nitaandika humu kila hatua yenye maana, kwa sababu hapa Mwanza mwenye bwawa la nyumbani hutegemea maneno ya fundi aliyemuuzia mashine, na fundi akishaondoka hana tena wa kumuuliza.

Bwawa lipo Bwiru, kwenye kiwanja cha mteremko. Nyuma ni miamba, mbele ni ziwa. Lilichimbwa juu, nje kabisa ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda kandokando ya maziwa na mito. Wageni huuliza: ziwa hilo hapo, bwawa la nini? Jibu ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake wanaishi kwenye ghuba zenye majani, na wajukuu wa shangazi wakija likizo hawatoki majini kutwa nzima. Ni lazima waogelee kwenye maji ambayo tunajua kilichomo.

Kilichokuwemo hadi leo ni klorini ya unga, ikimwagwa kwa kukadiria. Leo kali inachoma macho, keshokutwa haipo kabisa na kuta zinaanza utelezi wa kijani.

Kuna jambo ninataka liwe wazi mapema, maana majirani wote wananiambia kinyume chake. Bwawa la chumvi lina klorini. Chumvi ni sodiamu na kloridi. Maji yake yakipita katikati ya bamba za titani zenye umeme, kloridi inageuka klorini humohumo ndani ya bomba. Klorini ikishaua vijidudu na mwani, au ikishavunjwa na jua, inarudi kuwa kloridi, na safari inaanza upya. Kwa hiyo chumvi haiishi kwa kutumika. Haipai na mvuke pia. Ikipungua, maana yake kuna maji yaliyoondoka nayo.

Januari, mwishoni

Kupima ujazo. Huwezi kupanga chumvi bila kujua lita, na karatasi za ujenzi hazionekani. Tumepima kwa futi ya kamba na fito ndefu: urefu mita 8, upana mita 4, kina mita 1 upande wa watoto na mita 1.8 upande wa pili, sakafu ikiteremka sawasawa. Wastani wa kina ni 1.4. Jumla mita za ujazo 44.8, tutasema 45, yaani lita 45,000.

Hesabu ya chumvi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kilo 1 ya chumvi kwenye mita 1 ya ujazo inapandisha kipimo kwa ppm 1,000, kwa maana ya miligramu 1,000 kwa kila lita. Mashine yetu inataka kati ya 2,700 na 3,400, na kitabu chake kinasema 3,200 ndipo inapofanya kazi vizuri. (Mashine nyingine zinataka zaidi, baadhi hadi 5,000, soma kitabu cha yako, usichukue namba ya jirani.) Maji ya bahari yana kama 35,000, machozi ya binadamu kama 9,000. Ukionja 3,200 utahisi kitu kidogo tu mwishoni mwa ulimi.

Nilidhani ningeanzia karibu na sifuri, maana maji ya Ziwa Victoria ni laini sana na hayana chumvi ya kuzungumzia. Kipimo cha mkononi kilipotumbukizwa bwawani kikasoma 600. Ni mabaki ya miaka ya klorini ya unga na asidi: kila dawa ya klorini inaacha kloridi nyuma yake. Ndiyo sababu unapima kabla ya kununua.

3,200 toa 600 ni 2,600. Kilo 2.6 mara 45 ni kilo 117.

Februari

Chumvi. Hapa nimetumia muda mwingi na sijutii hata kidogo.

Mwanza haina shida ya chumvi. Mwaloni, Kirumba, inauzwa kwa mifuko kwa sababu ya kayabo, yale mapande ya sangara yanayokolezwa chumvi na kukaushwa kwa ajili ya soko la Kongo. Lakini chumvi ya kukaushia samaki inaweza kuwa na udongo, na udongo una chuma. Chuma ikiingia bwawani inaacha madoa ya kahawia kwenye plasta ambayo hayatoki kwa brashi. Chumvi ya mezani nayo imetiwa madini joto na mara nyingi dawa ya kuzuia isigande, vitu ambavyo bwawa halivihitaji. Tunachotaka ni chumvi safi, asilimia 99 na zaidi, punje za wastani, isiyoongezwa kitu.

Nikaenda na chupa za kioo. Muuzaji mmoja, mama wa makamo, aliniangalia nikichota kiganja kwenye kila mfuko na kuandika namba kwenye kifuniko.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Sasa baba, hiyo chumvi unakwenda kuipikia au kuipima damu?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akaingia ndani akanitolea mfuko uliokuwa nyuma, akasema huo ndio anaowauzia wenye viwanda, hii ya mbele ni ya samaki.

Nyumbani nilijaza kila chupa maji ya kunywa, nikakoroga, nikaziacha dirishani usiku kucha. Asubuhi tofauti ilikuwa mbele ya macho. Chupa ya mfuko wa mbele ilikuwa na tabaka jembamba la matope mekundu chini na utando juu. Ile ya mfuko wa nyuma ilikuwa angavu, na chini mlikuwa na punje mbili tatu za mchanga tu. Nimenunua hiyo. Mtu yeyote anaweza kufanya jaribio hili, halina gharama, na ningependa liwe desturi kwa kila mwenye bwawa kanda hii.

Februari, siku ya kumwaga

Hesabu ilisema kilo 117. Tumemwaga 100 kwanza. Chumvi ikizidi hakuna dawa ya kuitoa. Utapunguza maji bwawani na kujaza mengine, na maji ni bili. Ikipungua unaongeza kesho.

Mashine ya chumvi imezimwa, pampu inazunguka. Tulimwaga pembeni tukizunguka bwawa lote, na Babu, mlinzi wetu, akafuata nyuma na brashi ya mpini mrefu akizisukuma punje kuelekea kina kirefu. Punje zikikaa mahali pamoja kwenye plasta zinaweza kuacha alama. Hatukuweka chumvi kwenye tundu la kufyonzea taka juu ya maji. Ingeenda moja kwa moja kwenye pampu na kwenye seli, kile kipande cha mashine chenye bamba za titani, ikiwa nzito.

Baada ya saa 24 kipimo cha mkononi: 2,800. Hesabu ilitabiri 2,822. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu ina maana ujazo wetu ni sahihi, na ujazo ukiwa sahihi kila hesabu inayofuata itaaminika. Tumeongeza kilo 17.

Februari, mwishoni

Mashine imewashwa. Kwenye matundu ya kurudishia maji kunatoka viputo vidogo vyeupe. Ni hidrojeni, na ni dalili nzuri.

pH inapanda, yaani maji yanapungukiwa asidi. Ilikuwa 7.4, sasa inaelekea 8. Fundi alisema ni kawaida, na ni kweli: viputo vinayatikisa maji na kufukuza hewa ya kaboni iliyoyeyuka humo, na hewa hiyo ikitoka, pH inapanda. Tunaishusha kwa asidi ya haidrokloriki, kidogokidogo, jioni, wakati hakuna mtoto karibu. Ualkali, yaani kaboneti zilizoyeyuka majini, tumeupunguza hadi kama ppm 70, na sasa mwendo wa pH ni wa polepole.

Jua. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la namna hii linakula klorini tupu ndani ya saa chache. Tumeweka asidi ya sayanuriki, dawa inayoikinga klorini na jua, kilo 3 na kidogo, ifike kama ppm 70. Kabla yake mashine ilikuwa inatengeneza klorini mchana kutwa na jioni kipimo kinasoma karibu na sifuri. Sasa klorini inakaa ppm 3.

Machi

Mvua za masika zimeanza. Hakuna jipya. Chumvi 3,150.

Aprili

Hapa ndipo shajara hii inapopata faida yake.

Kioo cha mashine kimeanza kuandika chumvi ndogo. Kipimo cha mkononi nacho: 2,650. Kwa hiyo ni kweli imeshuka, kutoka 3,200 niliyoipima mwanzoni mwa mwezi baada ya kuongeza kidogo. Pungufu ni 550.

Fundi kwa simu: "Mvua hizo kaka, ongeza mfuko mmoja utakuwa sawa." Ushauri huu ndio unaotolewa kila mahali, na ninaupinga kwa nguvu zote. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwenye bwawa hili ni ppm 1,100. Ungetupeleka 3,750, juu ya kiwango, na sababu ya upungufu ingebaki palepale ilipo.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Tuna kopo lililonyooka pembeni ya bwawa, Babu anapima mvua kwa rula kila asubuhi. Tangu mwanzo wa mwezi ni milimita 60. Juu ya bwawa la mita za mraba 32 hiyo ni lita 1,900 hivi, na kwa kuwa bwawa lilikuwa limejaa, maji kama hayo yalimwagika nje yakiwa na chumvi. Kati ya lita 45,000, hiyo ni sehemu ndogo: inashusha kama 135. Kuosha chujio la mchanga kumetoa lita 1,000 hivi. Hiyo ni kama 70. Jumla 205.

Zimebaki 345 zisizo na maelezo. Kwa bwawa letu hizo ni karibu lita 5,000 za maji zilizoondoka bila mtu kuziona.

Na zisingeonekana, kwa sababu bwawa lina boya la kujazia, kama la tangi. Maji yakishuka kidogo linafunguka, yakifika linafunga. Bwawa siku zote limejaa, shangazi siku zote ameridhika. Nikamwomba bili ya maji. Imepanda.

Aprili, baada ya mvua kukatika kidogo

Jaribio la ndoo. Boya limefungwa. Ndoo ya lita 20 imewekwa kwenye ngazi ya bwawa, imejazwa maji ya bwawa hadi usawa wake wa ndani ulingane na wa nje, na nimepiga mstari wa kalamu pande zote mbili. Ndoo na bwawa vinapata jua lilelile na upepo uleule wa ziwani, kwa hiyo mvuke unapaswa kuvishusha sawa. Siku moja pampu ikizunguka, siku ya pili pampu imezimwa.

Pampu ikiwa imezimwa: nje na ndani vimeshuka sawa, kama milimita 4. Pampu ikizunguka: ndani milimita 4, nje zaidi ya milimita 10. Basi bwawa lenyewe ni zima. Maji yanatoka pale yanaposukumwa.

Nyuma ya chumba cha pampu kuna bomba la kutolea maji machafu linalomwaga kwenye shimo lililojazwa mawe. Niliinama pale pampu ikizunguka. Uzi wa maji, mwembamba kama kamba ya kiatu, ulikuwa unatiririka mdomoni mwa bomba na kupotea kwenye mawe. Msimu huu kila mahali kuna maji yanayotiririka, na Babu alisema ameuona siku nyingi akidhani ni ya mvua kutoka mwambani. Nikakinga kikombe, nikatumbukiza kipimo: 2,640. Nikakinga maji ya mtaro wa mwambani, hatua chache pembeni: chini ya 100.

Hayo ni maji ya bwawa, na aliyesema ni chumvi.

Tumefungua vali ya chujio. Mpira wake umechakaa sehemu moja, na punje ya mchanga imejibana hapo ikiacha mwanya. Mpira mpya umepatikana mjini. Uzi wa maji umekauka.

Ndipo sasa tukaongeza chumvi: 0.55 mara 45, kilo 25. Nusu mfuko.

Mei

3,150, tena 3,130, licha ya mvua. Boya nimelishusha sentimita 10 ili mvua ipate nafasi kabla ya kumwagika. Mvua inayoingia bila kumwagika haiondoi chumvi. Inaizimua kwa muda tu, na jua likirudi namba inapanda yenyewe.

Umeme ulikatika usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata. Klorini ilishuka, chumvi haikutikisika. Kwa hali kama hiyo tunaweka dumu la klorini ya maji, na ikumbukwe kwamba nayo inaongeza chumvi kidogo kila inapotumika.

Juni

Kiangazi. Upepo mkavu, mvuke mwingi. Kanuni mpya kwa Babu: pima baada ya bwawa kujazwa hadi mstari, kamwe si kabla. Maji yakishuka, chumvi ileile inakaa kwenye maji machache na namba inadanganya kwenda juu.

Julai

Kioo cha mashine: 2,600, taa nyekundu. Kipimo cha mkononi: 3,160. Safari hii vinapingana, na kupingana kwao kunasema kitu.

Mashine haipimi chumvi. Inapima jinsi umeme unavyopita kati ya bamba zake, kisha inakadiria. Bamba zikifunikwa na ukoko, umeme unapita kwa shida na mashine inahesabu kwamba chumvi ni ndogo. Ukiongeza chumvi kwa kuitii taa, utafika 4,000 na tatizo litakuwa bado lipo.

Tukafungua seli. Kati ya bamba mlikuwa na maganda meupe ya chokaa, mengine yamejikunja. Swali langu lilikuwa chokaa imetoka wapi wakati maji ya ziwa ni laini namna hii. Ni ile klorini ya unga ya zamani: ilikuwa na kalisi, na miaka yote imejilimbikiza humu. Karibu na bamba pH huwa juu sana, na hapo kalisi inaganda.

Kusafisha: sehemu moja ya asidi kwa sehemu nne za maji. Asidi inamiminwa ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Glavu, miwani, mahali pa wazi, upepo ukielekea mbali nawe. Seli ilichemka na kutoa povu kwa dakika chache, kisha ikatulia. Hatukugusa bamba kwa bisibisi wala waya. Zimepakwa madini adimu ya ruteni na iridi, na mkwaruzo mmoja unapunguza maisha ya seli yote.

Imerudishwa. Kioo: 3,100.

Ikitokea siku seli ni safi, kipimo cha mkononi kinasema chumvi ipo, na kioo bado kinalalamika, basi mpako umekwisha na seli inatakiwa kubadilishwa. Zinadumu miaka kadhaa tu.

Agosti

Ngazi ya chuma cha pua imeanza vidoa vya kutu kwenye maungio. Tumefunga kipande cha zinki kwenye mfumo ili chenyewe ndicho kiliwe kwanza. Kingo za bwawa ni mawe ya hapahapa Mwanza, matale, na chumvi haiyafanyi kitu. Aliyechagua mawe hayo zamani alichagua vizuri. Kwa mawe laini ya chokaa ningekuwa na wasiwasi.

Suala la maji ya kuoshea chujio lilileta mjadala mrefu na shangazi. Zamani alikuwa anayaacha kwenye madumu klorini ipungue kisha anamwagilia migomba. Alitaka kuendelea.

"Mwanangu, maji ni maji. Nimwage na ukame huu?"

"Shangazi, klorini ilikuwa inaondoka na jua. Chumvi haiondoki. Itakaa kwenye udongo wako, na kila wiki unaongeza nyingine."

Hakuridhika mpaka tulipoweka mche mmoja wa mchicha kwenye kopo na kuumwagilia maji ya bwawa tu, mwingine maji ya bomba. Ule wa kwanza majani yalianza kuungua kingo, kisha ukalala. Sasa maji yanaenda kwenye shimo la mawe, upande wa mbali na bustani. Hayaelekezwi kwenye mfereji unaoshuka ziwani hata kidogo. Ziwa hili ni maji baridi, ndiyo maji yetu ya kunywa na ndiyo sato na dagaa wetu; lita 1,000 za bwawa zina zaidi ya kilo 3 za chumvi ndani yake, na nyumba zenye mabwawa huku mlimani zinaongezeka.

Septemba

Babu sasa anapima peke yake, na anaandika kwa chaki ukutani kwenye chumba cha pampu: tarehe, mvua, kipimo cha mkononi, kioo cha mashine. Nimempa maagizo mafupi. Vipimo viwili vikishuka pamoja, tafuta maji yalikokwenda. Kioo kikishuka peke yake, fungua seli. Asimwage chumvi kabla hajanipigia.

Jana alinipigia kuuliza kwa nini namba imepanda hadi 3,290 bila mtu kuongeza kitu. Nikamuuliza mstari wa maji uko wapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aa, umeshuka. Ngoja nijaze nipime tena." Baada ya kujaza: 3,140.

Chumvi iliyoongezwa tangu kufunga vali: hakuna. Vuli inaanza Oktoba. Boya litashushwa tena sentimita 10, na mpira wa akiba wa vali uko kwenye kabati la pampu, rafu ya juu.